Mtambo ni Kipi Hasa

Kijiwe hiki kina sheria moja: husemi mpaka ushike kifuniko cha birika. Ukimaliza, unampa mwenzio. Bila hivyo wabishi hawa wangeshatoana macho. Leo kifuniko kiko kazini juu ya birika, kahawa inachemka. Fundi cherehani kaifungua mashine yake, inamsumbua kwa kukata uzi, vipande kavitandaza palepale kwenye benchi. Gauni la bintiye limebaki mkono mmoja kushonwa, na harusi ni kesho. Lakini wenzake wanataka mada.

Betri, muuza redio kuukuu, akaokota kispringi cha kukazia uzi, akakiinua badala ya kifuniko.

— Zamu yangu. Mnaiita mashine nzima mtambo. Wapi! Zamani mtambo ni kile kijiti cha mtego. Ndege akigusa tu, kwisha habari yake.

— Lete hapa, akasema Dereva Mstaafu, shemeji yake fundi. Na wa bunduki je? Babu alikuwa na gobore. Pale pa kufyatulia ndipo penye mtambo. Kwingine kote bomba tu.

— Jamani, kispringi changu, akasema fundi.

— Huna zamu, shemeji.

Kikaenda kwa Profesa, ambaye hadi leo hakuna ajuaye alisomea nini.

— Mtego, bunduki, kiwanda. Chochote kinachofyatuka chenyewe ni mtambo. Kwa hiyo serikali ni mtambo. Mvua ni mtambo. Hata ndoa! Mtazameni fundi, kanaswa miaka yote hii.

— Aliyemnasa ni dada yangu! akafoka Dereva. Dada yangu ni mtego?

— Mimi nimesema mtambo.

— Ni kilekile! akadakia Betri.

Wakasimama wote, wakasema wote, mikono hewani. Fundi naye akapiga kelele, maana mke ni wake. Walipochoka wakaketi, kifuniko kikawekwa benchini, kahawa ikamiminwa. Fundi akarudisha vipande kimoja kimoja, mpaka akabakiwa na tundu tupu la kispringi.

Hapo binti akafika, gauni begani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, imepona?

Fundi akanyoosha kiganja kwa wenzake. Kila mmoja akatazama mikono yake. Wakapapasa mifuko, wakainua benchi, wakachungulia vikombeni. Hamna.

Binti alikulia hapo, sheria anaijua.

— Basi si rahisi tu? Nani alisema mwisho? Huyo ndiye anacho.

Profesa akamtazama Dereva. Dereva akamtazama Betri. Kifuniko kilikuwa kimeshapoa, kipo katikati yao, na hakuna aliyekigusa kuomba zamu.