Kiti Kinachozunguka Kinasubiri Saini

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vibali vya Vifaa vya Tiba. Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Wakuu wa idara. Nanyi wagonjwa na ndugu mlioketi kwenye mabenchi tuliyoyaazima kutoka chumba cha kusubiria:

Tunaanza kwa kuomba radhi kwa kelele. Feni inayonguruma nyuma yako ni ya kompyuta yetu. Tukiizima ili utusikie vizuri, kompyuta itachemka na hutaona tulichokuitia. Basi tutapaza sauti.

MAKARIBISHO

Karibu katika chumba kilichokuwa cha kufulia mashuka. Mabomba ya maji bado yametokeza ukutani, nasi tumeyageuza vigingi vya kutundikia makoti. Tuko tisa: wahitimu sita wa uhandisi, seremala, mchomea vyuma, na mpiga picha za eksirei wa hospitali hii, ambaye watu wote humwita Mama Usipumue. Jina hilo alipewa na wagonjwa, maana kwa miaka thelathini na mmoja amesimama nyuma ya kioo akiwaambia, "Vuta pumzi… usipumue!"

Rasimu ya risala hii ilipita mikononi mwake. Kila alipotajwa, alijikata kwa kalamu nyekundu. Tumemrudisha. Mama, utatugombeza kesho.

TULIKOTOKA

Miaka mitatu iliyopita, mwoka mikate wa mtaa wa nyuma alipewa barua ya kwenda kupigwa picha ya CT ya kifua, hospitali ya mbali, safari ya kutwa nzima. Mama Usipumue ndiye aliyeifunga bahasha na kumwambia, "Nenda salama, kaka."

Baada ya siku mbili kaka alirudi na bahasha ileile.

"Wamenilaza chali nikaanza kuzama nchi kavu," alisema. "Dada, mimi naweza yote duniani, ila kulala chali siwezi."

Ni kweli. Mapafu yake humnyima hewa akilala, kwa hiyo usiku huketi akiegemea mito minne. Mama Usipumue aliishika ile bahasha asijue aiweke wapi. Mwishowe alikuja nayo hadi karakana, tulikokuwa tukijifunza kazi kwa kutengeneza vifaa vibovu, akatuuliza:

"Nyie wasomi, kwani ni lazima mashine ndiyo imzunguke mtu? Mtu hawezi kuzunguka mwenyewe, ameketi zake?"

Tulicheka. Kisha mmoja wetu akatafuta kalamu.

Kwa ndugu zetu wasioijua skana ya CT: ni mashine inayompiga mtu picha nyingi kutoka kila upande, kisha kompyuta inaziunganisha ili daktari aone ndani, tabaka kwa tabaka. "Kama mkate uliokatwa vipande," mwoka mikate alitufafanulia, na hatujapata maelezo bora zaidi. Katika mashine za kawaida mgonjwa hulala, na pete kubwa ya mionzi humzunguka. Katika yetu mionzi inakaa mahali pamoja, na mgonjwa ndiye anayezungushwa, ameketi. Pete haipo, umeme unaotumika ni kidogo, na yote inaenea katika chumba cha kufulia.

TULIKOKOSEA

Mgeni rasmi, risala nyingi hazina sehemu hii. Yetu inayo.

Tulikijaribu kiti kwa chupa za maji, kwa sanamu la kuvalishia nguo la fundi cherehani, na kwa boga. Picha ya lile boga ilitoka safi hata tukahesabu mbegu zake, kisha tukalipasua tukazihesabu tena, zikawa sawasawa! Tulikumbatiana. Tukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: TAYARI.

Mama Usipumue alivua miwani. "Ngoja niketi mimi kwanza," alisema.

Mionzi ilikuwa imezimwa. Kiti kilizunguka kama kawaida yake, duara moja kwa sekunde sita, mara nne. Aliposhuka alielekea mlangoni, akafika kwenye kabati, akalikumbatia.

"Mama, vipi?"

"Wanangu," alisema, shavu likiwa bado kwenye kabati, "mmetengeneza kiti kizuri sana cha maboga."

Kwa miezi kumi na minne hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameketi juu yake. Tuliogopa kuvuruga vipimo. Kwenye mgongo wa kiti tulikuwa tumebandika karatasi, kwa mwandiko wetu wenyewe: MARUFUKU KUKETI.

TULICHOFIKIA

Tulianza upya, safari hii kwa kuketi. Tulikipunguza mwendo kiti hadi duara moja kwa dakika. Seremala alipachika kibao mbele ya macho ya mgonjwa, kinachozunguka pamoja naye, maana macho yakishika kitu kimoja, kizunguzungu hupungua. Mwanzoni tulibandika kikaratasi cheupe. Watu walikichoka, wakageuza shingo. Mama Usipumue akasema, "Na nyie nanyi! Mpeni mtu kitu anachopenda kukitazama." Tangu hapo kila anayejitolea huja na picha yake.

Watu mia mbili na kumi na wawili wameketi hapa bila mionzi, kila mmoja akiwa na nukta ya karatasi kwenye paji la uso na kamera ikimpima. Hakuna aliyetikisika kuzidi unene wa ukucha.

Na pumzi je? Mtu asiye na hewa ya kutosha huwezi kumwambia aizuie dakika nzima. Kwa hiyo mgonjwa anapumua kama kawaida, na kompyuta huchagua zile picha zilizopigwa kifua kikiwa mahali pamoja. Siku tuliyofanikiwa, kwa kamera tu bila mionzi, Mama Usipumue alisimama nyuma ya kioo, akafungua mdomo kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, akaufunga. Kisha akasema taratibu, kama anayejaribu kiatu kipya: "Pumua, kaka. Pumua tu."

Aliyekuwa kitini ni mwoka mikate. Alikuwa amechagua kutazama picha ya oveni yake ya kwanza.

"Na mimi je?" mkewe aliuliza.

"Wewe nakuona kila siku, mama. Oveni ile iliuzwa."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na kamera ikaandika mtikisiko mkubwa kuliko wote. Hiyo hatukuihesabu.

KINACHOTUKWAMISHA

Hakuna mtu aliye hai anayeruhusiwa kupigwa mionzi na mashine mpya bila kibali. Ni sheria nzuri na tumeiheshimu. Faili letu liko ofisini kwako mwezi wa saba sasa. Wakaguzi wako wawili walikuja, wakapima, wakatia saini. Mstari wa tatu uko wazi.

Leo ni Jumatatu. Ijumaa Mama Usipumue anastaafu.

Wiki iliyopita tulimkuta akiandika kwenye daftari namna ya kumketisha mgonjwa, hatua kwa hatua, ili atakayekuja asihangaike. "Mambo mengine mtu huyaanza akawaachia wenzake," alisema bila kuinua uso. Kisha alisimama akaanza kufuta ubao, na ubao ulikuwa safi tayari.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi saba. Tumeyafuta sita.

Tunaomba ulisome faili wiki hii. Ukiona mahali pasipo salama, tukatalie na utuonyeshe, tutarekebisha kwa moyo mweupe. Ukiona ni salama, tunakuomba saini yako kabla ya Ijumaa. Mwoka mikate amefunga duka leo. Ndiye yule wa safu ya pili, mwenye koti la kijivu. Daktari wake bado anaisubiri picha ile.

Mungu aliyekuleta salama akurudishe salama, aijaze afya nyumba yako, na aibariki kazi ya mikono yako.

Tulibishana sana juu ya zawadi ya kumuaga Mama Usipumue. Wengine walitaka saa ya ukutani, wengine walitaka redio. Mwisho tulimwuliza mwenyewe.

Akasema, "Nipeni mgonjwa mmoja."

Ni sisi,
Kikundi cha Kiti,
chumba cha zamani cha kufulia mashuka.