Zile Jumatano za Sista Ndimu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, thelathini na mmoja kati ya hiyo akiwa Chumba Namba Sita, Muuguzi Kiongozi wa Kitengo cha Afya ya Akili anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Kwenye orodha ya mishahara ana majina matatu marefu. Kwetu sisi, kuanzia getini hadi maabara, ni Sista Ndimu.

Kamati ya jarida ilitaka wasifu huu uandikwe na daktari. Mwenyewe akasema aandike dereva wa gari la wagonjwa, eti dereva ndiye anayeijua hospitali nzima. Huko ni kunivika kilemba cha ukoka, lakini nimekubali, kwa sababu nina langu jambo. Ndani ya faili lake la utumishi kuna karatasi moja ya onyo. Ni moja tu kwa miaka yote hiyo, na chanzo chake ni mimi.

Alianza kazi wodi ya upasuaji. Huko aliona watu ambao vidonda vyao vilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, lakini sinia likianguka jikoni wanaruka kitandani kama wamechomwa. Aliuliza kwa nini, akaambiwa watazoea. Hakuridhika. Aliomba kwenda kusoma, na aliporudi na cheti chake akapewa chumba kilichokuwa stoo ya ndoo na madekio, ndicho Chumba Namba Sita.

Wale wa zamani mnakikumbuka. Alikipaka rangi mwenyewe, bawaba za mlango akazitia mafuta ya kupikia ya kwake, kengele ya ukutani akaing'oa. Kiti cha mgonjwa akakigeuza kitazame mlango, kwa kuwa mtu aliyeponea chupuchupu hapendi mlango uwe mgongoni mwake. Kwenye droo akaweka ndimu. Mgonjwa akianza kupotelea kwenye tukio lake, macho yakiwa hapa na roho iko kule, alipewa ndimu aikwaruze kwa kucha na kuinusa, kisha aliulizwa taratibu yuko wapi, leo siku gani, na nani yuko naye. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi aliandika daftarini kwamba dozi ni ndimu moja kutwa mara tatu. Daftari hilo lilizunguka hospitali nzima.

Siwezi kuacha ile sherehe yake ya miaka kumi ya Chumba Namba Sita. Kitengo kizima, watu waliosomea namna ya kutomshtua mtu, pamoja na sisi wa nje, tulijificha chumbani humo taa zikiwa zimezimwa, na maputo ishirini mikononi. Mlango ulipofunguliwa tukapiga kelele na maputo yakapasuka. Aliyefungua alikuwa mgonjwa wake, fundi wa tanuri aliyenusurika kwenye mlipuko wa kiwandani. Alitoka mbio hadi barabarani, Sista nyuma yake akiwa amebeba viatu mkononi. Walirudi baada ya saa nzima, wakala keki wawili kwanza, sisi tukiwa tumesimama ukutani tumenywea. Tangu siku hiyo sherehe zetu zote za kushtukiza hutangazwa wiki mbili kabla, na anayeshtukizwa hutia saini.

Sasa nirudi kwenye faili. Miaka kumi na tisa iliyopita, lori lililokatika breki lilitugonga katikati ya daraja. Msaidizi wangu, ambaye kila asubuhi tuligawana chupa moja ya chai, alifariki pale pale. Mimi nilibanwa kwenye usukani dakika arobaini, na king'ora kikagoma kuzimika. Baada ya miezi miwili nikarudi kazini, watu wakanisifu kwa kujikaza kiume. Hawakujua kwamba nilikuwa siwashi tena king'ora, na kwamba kila safari ya ng'ambo nilizunguka kwa njia ya kinu, ile ya vumbi inayopita kwenye kinu cha nafaka, dakika ishirini na tano zaidi, nikisingizia foleni.

Siku moja tulimhamisha mama mjamzito kwenda hospitali ya ng'ambo, na muuguzi wa kumsindikiza alikuwa Sista Ndimu. Mtoto alizaliwa kwenye njia ya kinu, kabla hatujaiona lami. Mama na mtoto walikuwa salama, na mama akanishukuru kwa kuendesha polepole. Tuliporudi, uani, Sista alifunga mlango wa gari bila kuubamiza.

"Mdogo wangu, darajani leo hakuna foleni," aliniambia. "Unakwepa nini?"

Nilitaka kudanganya, badala yake nikalia. Nilidhani nimerukwa na akili, au nimelogwa. Alinieleza kwamba si wazimu wala si woga. Mwili wangu uliwasha king'ora siku ile ili uniokoe, na mpaka sasa hakuna aliyeuambia kwamba hatari imepita. Kila nikilikwepa daraja naufundisha kuwa king'ora kina haki ya kulia. Kiwewe kina tiba, alisema, lakini alinipa sharti: nisibebe mgonjwa mpaka tumalize. Nikaomba kuendesha gari la mizigo, nikisingizia kwamba mgongo hauwezi tena kuinua machela.

Wiki za mwanzo nilikaa kwenye kile kiti kinachotazama mlango, nikisimulia ajali ile tangu mwanzo. Wiki ya kwanza sikuweza kulivuka neno "lori". Ndimu niliikwaruza mpaka ikabaki nyeupe. Nilipoweza kufika mwisho wa hadithi bila kupotea, tukaanza Jumatano, siku ya kufuata mitungi ya oksijeni ng'ambo, safari ambayo mimi bado niliifanya kwa njia ya kinu. Alipanda mbele, pembeni yangu. Jumatano ya kwanza tulisimama pale daraja linapoonekana kwa mbali tu, tukazima injini, tukakaa mpaka moyo wangu utulie wenyewe. Hakuniruhusu kugeuza gari hofu ikiwa juu. Jumatano iliyofuata tukasogea kidogo. Nyingine tulishuka, tukatembea kwa miguu hadi nguzo ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoijua siri ya ndimu. Gari humchafua tumbo vibaya sana. Ndimu alianza kuzibeba tangu usichana wake kuzuia kutapika, na wagonjwa walifaidika baadaye. Jumatano zote hizo alikaa na mfuko wa plastiki mapajani na ndimu puani, kijasho kikimtoka, akinihimiza nipumue. Tulikuwa wagonjwa wawili ndani ya gari moja, na anayepona alikuwa mmoja tu.

Hospitalini maneno yakaenea kwamba tunajenga nyumba pamoja. Mke wangu akaenda Chumba Namba Sita kuuliza kiwanja kiko wapi. Sista alimkaribisha kiti, akamwambia mwenye jibu ni mumewe. Jioni hiyo ndipo nilipomweleza mke wangu kila kitu, na nashukuru alikwenda.

Mganga mkuu wa wakati ule akataka maelezo. Kwa nini muuguzi anaondoka kituo chake cha kazi kila Jumatano? Enzi hizo dereva mwenye matatizo ya kichwa alionyeshwa geti, na Sista alilijua hilo. Alijibu kwamba alikuwa na mgonjwa na jina lake hatalitoa. Akapewa onyo la maandishi, na cheo chake kikacheleweshwa mwaka mzima.

Jumatano ya kumi na moja nilivuka. Nilivuka kwa mwendo wa konokono, walio nyuma wakinipigia honi zote walizokuwa nazo, mpaka nguzo ya mwisho. Ng'ambo nikasimamisha gari. Sista akashuka, akatapika, akajifuta mdomo, akasema tumefika.

Habari za onyo nilizisikia miaka mitatu baadaye kwa karani wa masjala. Nilikimbilia Chumba Namba Sita nikisema nakwenda kueleza sasa hivi. Alinikalisha.

"Siri ni yako, si yangu," alisema. "Siku utakayoitoa, uitoe kwa sababu umeiweza, si kwa kunionea huruma."

Imenichukua muda, Sista. Katika muda huo umefundisha wauguzi, walimu na wazima moto wasiohesabika, na Chumba Namba Sita kimezaa Namba Saba na Nane. Waliopita mikononi mwako wamo mitaani humu, wanaendesha, wanaoka mikate, wanalala usingizi. Wengi hawatakushukuru hadharani, na hivyo ndivyo ulivyotaka.

Mimi nimeiweza. Mgonjwa wa Jumatano ni mimi. Mkurugenzi wetu wa sasa ameusoma wasifu huu na kukubali ubanwe kwenye faili lako, mbele ya karatasi ile, ili yeyote atakayelifungua aanze na huu.

Asante kwa yote, Sista. Upate mapumziko marefu, na nyumba yako ijae wajukuu wenye kelele za furaha. Ijumaa saa kumi gari litakuwa mlangoni kukupeleka nyumbani. Tunakutangazia mapema ili usishtuke. Dereva ni mimi, na tutapita darajani. Ndimu nimeshanunua.