Saa ya Darini

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mshonaji mmoja alimwonyesha abiria mwenzake, mzee mmoja, saa aliyotoka kuinunua. Inajirekebisha yenyewe, na humulika namba nyekundu darini. "Mtatumaliza sisi mafundi saa, mwanangu," alinung'unika yule mzee, ingawa maelezo ya boksi alikwisha kuyasoma mara mbili.

"Mama ameumia shingo, mzee wangu, hawezi kugeuka. Kila akizinduka ananiita aniulize saa, kisha ananiomba radhi. Ya kijani nimeiacha, ingemchoma macho."

"Na akijionea mwenyewe, atakuitia nini tena?"

Mshonaji alitabasamu. "Basi akiniita, nitajua ananitaka mimi."

Mzee akafungua mdomo ajibu, lakini basi lilikwisha simama, na mshonaji alikuwa anashuka, boksi kifuani.