Mama Wakesho na Mbawakawa wa Kijito Kimoja

Bi Gertrude Wakesho anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kutumikia kituo chetu cha utafiti wa maji hapa Voi kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike ukurasa wa furaha. Nitajitahidi, ingawa kusema kweli naogopa.

Aliajiriwa mwaka wa 1994 kuosha chupa za maabara. Mwaka wa tatu ulipofika, aliwatambua mbawakawa wa majini vizuri kuliko waliomwajiri. Swali lake lilikuwa moja: mbona wengine wameenea kutoka Voi hadi Bomeni, na wengine hawapatikani ila kwenye kijito kimoja msituni, juu milimani Taita? Hakungoja vifaa vya bei ghali. Aliwamwaga kwenye sinia jeupe juani, akaangalia saa. Wale wa vidimbwi vya mvua waliruka kabla chai haijapoa, maana maji yao hukauka kila mwaka na asiyehama hufa. Wale wa kijitoni walitembeatembea tu. Maji yao hayakuwahi kukauka, basi safari za nini? Wageni wenye shahada kubwa kubwa walilisifu sana sinia hilo, ambalo kwa kweli ni la mandazi.

Mwaka wa 2017 nusura nimponze mdudu huyo wa kijitoni. Tulishuka kutoka mlimani, nami nikachota kwenye dimbwi moja nje ya Mwatate kwa wavu ambao sikuuosha. Mbawakawa wa kijitoni alikuwa amenasa kwenye pindo. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba ameonekana Mwatate. Wenye mradi wa bomba, waliotaka maji ya kijito hicho, walifurahi: kama yuko hadi huko, kijito chote kingeweza kuchukuliwa. Mama Wakesho alisoma ripoti, akaniuliza, "Danson, huo wavu uliuosha kweli?" Nikatikisa kichwa. Hakunigombeza. Aliingia dimbwi lile siku nne, matope hadi kiunoni, akahakikisha hayumo, kisha akanipeleka mbele ya kamati ya maji nikiri kosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Bomba likachukua nusu tu. Siku hizi kila mtu kituoni huosha wavu mara tatu, na mimi huongeza ya nne.

Lakini miaka hii miwili mvua zimekuwa haba, na kijito kimebaki na upana wa meza. Mdudu asiyeruka hana pa kwenda. Mwezi wa Mei Mama Wakesho aliniacha nitafute peke yangu. Saa tatu nzima sikupata hata mmoja. Alipiga magoti pale pale, akageuza mawe mawili, akawatoa watatu. Nilimsihi anieleze anavyofanya. "Unaangalia tu, Danson. Si wako hapo?"

Julai nitapanda mlimani bila yeye. Nikirudi na karatasi yenye sifuri, hakuna mtu kituoni atakayejua kama wamekwisha au ni mimi niliyeshindwa kuwaona.

Mama, asante kwa miaka yote hiyo, kwa ukali wako wa haki na kwa chai yako. Tunakuombea afya njema, mvua ya kutosha shambani na magoti yasiyouma. Pumzika, umefanya kazi. Ila Jumatatu ya kwanza ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi, nitapita mlangoni kwako nikiwa na nyavu mbili.