Sekunde Sitini za Mama Lebo

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi wa bohari mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, kaka yetu aliagiza kwamba historia yake isomwe na mdogo wake na pasirukwe kitu, agizo ambalo mdogo mtu alilipinga pale hospitalini mpaka wakanuniana siku mbili nzima, kwa hiyo mkisikia sauti inakwama mahali, mvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi bomba na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akaanza shule ya msingi Januari 1965 na kumaliza sekondari Novemba 1976, akisifiwa na walimu kwa hesabu na kuadhibiwa kwa ubishi, maana alikuwa hawezi kuona kosa akalinyamazia, na laiti tabia hiyo ingedumu.

Baada ya kusomea kompyuta kwa miezi kumi na minane, tarehe 2 Juni 1981 aliajiriwa na kampuni ya vipuri vya magari na matrekta, ambako alibaki miaka thelathini na saba akiandika programu za mashine moja kubwa iliyokaa kwenye chumba chenye baridi, huku makarani wakiitumia kupitia skrini za maandishi ya kijani zilizotapakaa jengo zima. Huko ndiko alikompata mkewe, karani wa mauzo aliyempigia simu kila asubuhi kulalamika kwamba rekodi fulani imefungwa na mtu, na wenye midomo yao husema rekodi nyingine zilikuwa wazi kabisa, wakafunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991 na kujaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, ambao wote mnawaona hapa mbele.

Malalamiko ya shemeji yetu lakini yalikuwa ya kweli, kwa sababu karani akifungua rekodi ya kipuri, wengine hawakuweza kuigusa mpaka amalize, na akiinuka kwenda kunywa chai kaunta nzima ilisimama na wateja wakapandisha sauti, ndipo mnamo Februari 1994 marehemu akaandika programu ihesabu sekunde sitini, na kama karani hajabonyeza kitufe cha kupeleka kazi yake, skrini ijifunge, rekodi iachiliwe, na yote aliyoandika yapotee. Foleni zilikwisha, marehemu akapigiwa makofi kikaoni na kubandikwa jina la Dakika, na meneja akamwomba orodha ya kila mwezi ya makarani wanaoacha skrini wazi, naye akaitengeneza.

Aliyeongoza orodha hiyo kila mwezi ni karani wa bohari mliyemwita Mama Lebo, kwa kuwa hakuandika namba ya kipuri chochote kabla hajaenda mwenyewe kwenye rafu kuisoma lebo, wakati wenzake waliandika kwa kukumbuka tu, wakipatia na kukosea. Tarehe 8 Septemba 1994 marehemu alishuka bohari, akasimama nyuma yake na saa mkononi, akaona kwamba kutoka kitini hadi rafu ya mwisho na kurudi ni sekunde themanini na tano, akaelewa papo hapo kwamba mama wa watu haachi kazi, sekunde ndizo hazimtoshi, akapanda ngazi na kukaa kimya, kwa sababu wiki hizo jina lake lilikuwa likijadiliwa kwa ukuu wa kitengo.

Mama Lebo aliachishwa kazi tarehe 30 Septemba kwa barua iliyotaja uzembe na usahaulifu, nakala yake ikabandikwa ubaoni, marehemu akapewa ukuu tarehe 10 Oktoba, na siku iliyofuata alifuta sitini akaandika mia tatu, kazi ya dakika mbili, nayo orodha ikawa tupu na akasifiwa tena. Tangu hapo mtu akimwita Dakika hakuitika, sisi nyumbani tukadhani ni majivuno ya cheo, kumbe roho ilikuwa inamsuta.

Alistaafu Juni 2018, figo zikaanza kumsumbua Aprili 2021, na tarehe 3 Mei 2023 alimtuma mdogo wake kumleta Mama Lebo wodini, akamweleza yote mbele ya mkewe, ambaye naye alikuwa hajawahi kusikia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba barua ile aliiamini, aliamini kichwa chake kimeanza kuharibika, na kwa miaka yote hiyo alikataa kuachiwa wajukuu peke yake asije akawasahau mahali, mpaka wamekua, akachukua mkoba wake akaondoka. Hakusema amesamehe, na marehemu alikataza tusimsemee.

Marehemu alifariki tarehe 11 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani mliotupikia na kukesha nasi siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake kwa gari na jeneza. Mama Lebo tulimpelekea taarifa ya msiba, hakuja, na ni haki yake, ila ninyi wa bohari mlioisoma barua yake ubaoni mkacheka, mnapajua kwake, na ombi la familia ni kwamba mpite mkamwambie mmesikia kwa masikio yenu, mbele ya jeneza, kwamba hakusahau kitu, aliinuka kwenda kusoma lebo.

Kaka, la kwako tumelisema, sasa pumzika.