Kwaheri ya Mama Chumvi, Mnusaji wa Matangi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kuinamia matangi ya samaki ya watu, Mama Chumvi anastaafu tarehe 30 Juni. Anaondoka kabla ya umri wake wa kustaafu kufika. Tangazo la ofisi linasema ni kwa hiari yake, na uongozi umeniomba niandike kitu cha kuchangamsha kwa ajili ya jarida letu. Nitajitahidi, ila si yote yatachangamsha.

Alianza kazi akiwa muosha ndoo. Wakati huo kampuni ilikuwa chumba kimoja kilichojaa mifuko ya chumvi ya bahari, na wateja walikuwa wachache wenye uwezo wa kuweka bahari ndogo sebuleni. Walipenda rangi za samaki. Hakuna aliyewaambia kwamba maji ya chumvi yakiharibika, nyumba nzima haikaliki. Simu za malalamiko zilipoanza kuingia, ikagundulika kwamba yule muosha ndoo ana pua.

Pua hiyo ndiyo iliyotuweka mjini. Akiingia kwa mteja, salamu kwanza, halafu anaamuru madirisha yafunguliwe na marashi ya kupuliza yawekwe kando. Akikuta harufu ya yai bovu, anachimbua mchanga wa chini uliokaa muda mrefu bila kuguswa. Ikiwa ni ya samaki wa juzi, anasogeza mawe kumtafuta marehemu. Ikiwa ni ya dimbwi, anakwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha uchafu cha mashine ya povu inayosafisha maji, ambacho wateja wengi hawakujua hata kwamba humwagwa. Tangi lenye chakula kilichozidi hakuhitaji kulinusa. Alimtazama tu mwenye nyumba akajua ni mtu wa huruma nyingi.

Mdomo wake nao haukuwa na breki. Wakili mmoja alikuwa ameshatupa zulia, amebadilisha makochi na amenuniana na mama mkwe wake akidai mafuta yake ya kuchua ndiyo yanayonuka, kumbe konokono alikuwa amefia ndani ya meli ya plastiki ya mapambo. Mama Chumvi alimweka konokono yule kwenye kisosi, akamsogezea wakili na kumwambia, "Mwombe mama radhi, mwanangu, mimi nikisikia." Akaomba. Hapa ofisini alimrudisha mhasibu nyumbani akaoge kuondoa marashi yake, na mhasibu, ambaye hajawahi kumtii mtu, alikwenda.

Mwezi wa pili mwaka huu mimi na yeye tuliitwa nyumbani kwa mteja wetu mkubwa, mwenye hoteli ambazo matangi yake yote tunayahudumia sisi. Sebule ilikuwa inanuka, na alitarajia wageni Jumamosi. Mama Chumvi alinusa maji, mchanga, sifongo, pampu na kikombe cha povu. Akapiga magoti nyuma ya kabati, akarudi, akanusa tena. Tangi lilikuwa safi kabisa. Kisha akasimama, akaifuata korido mpaka mlango wa mwisho, akaufungua.

Ndani alikuwamo mama mzazi wa mteja, bibi asiyeweza kuinuka, amelala kwenye godoro lililolowa. Dirisha lilikuwa limefungwa. Sahani ya jana ilikuwa sakafuni, mahali asipoweza kuifikia. Mama Chumvi aliniambia nilete ndoo mpya na maji ya uvuguvugu. Alimwosha, akambadilisha nguo, akamgeuza taratibu ili asilalie kidonda. Mteja alisimama mlangoni akieleza kwamba mlezi wa bibi ameacha kazi, kwamba biashara zimembana, na kwamba sisi tumeitwa kwa ajili ya tangi. Mama Chumvi akamjibu bila kumtazama, "Tangi lako halina shida, baba. Samaki wako wanatunzwa vizuri sana."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza. Kabla hatujafika ofisini, mteja alikuwa ameshampigia mkurugenzi simu na kutishia kuvunja mkataba. Mkurugenzi alimtaka Mama Chumvi akaombe radhi, naye akakataa kata kata. Siku chache baadaye, kwenye kikao cha asubuhi, mkurugenzi alitutangazia kwa furaha kwamba mkataba umeokoka, kwa kuwa mteja mwenyewe amesema harufu imekwisha. Mama Chumvi akauliza imekwishaje. Akajibiwa kwamba bibi amehamishiwa stoo, nyuma ya gereji. Watu walipiga makofi kwa sababu makofi yalikuwa yameshaanza.

Siku hiyohiyo aliomba kustaafu. Alinieleza sababu tukiwa tunasuuza ndoo: nafasi ya mlezi wa yule bibi bado iko wazi, na yeye anaitaka, hata kwa mshahara wa kununulia sabuni. Ombi la kustaafu lilikubaliwa upesi kuliko ombi lolote nililowahi kuona hapa. Akaenda getini kwa mteja kuulizia kazi. Mlinzi akamwambia hapahitajiki mlezi tena, wamezika juzi.

Nimeagizwa nitaje mafanikio yake. Ametufundisha kazi mafundi wote wanaozunguka mjini leo. Umeme ulipokatika kutwa nzima, aliokoa tangi la mteja kwa pampu ya baiskeli, akipokezana na watoto wa nyumba ile. La yule bibi sijui liandikwe wapi, kwa hiyo nimeliandika hapa. Mhariri akilifuta, angalau atakuwa amelisoma.

Mama Chumvi, asante kwa ukali wako na kwa kila ndoo uliyotubebesha. Tunakutakia afya njema na mapumziko uliyoyatolea jasho. Na siku mwili utakapokataa kuinuka, tunakuombea uwe na mtu wa kukuosha na kukugeuza ubavu. Ukimkosa, tuite. Tutakuja, hata mkurugenzi akikataa.