Msindikizaji wa Safari za Jumanne

Tarehe 30 Juni, muuguzi msindikizaji wa hospitali yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo, kila Jumanne alfajiri, amepanda gari la hospitali pamoja na watoto wagonjwa na walezi wao, mwendo wa saa tano hadi hospitali ya rufaa, ili waonwe na madaktari bingwa.

Aliajiriwa kuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Alipopewa kazi ya kusindikiza, aliambiwa ni ya miezi mitatu tu, hadi apatikane mwingine. Mwingine hakupatikana, naye hakuuliza tena. Kazi alijifunza barabarani: kwamba mtoto anayetapika huketi mbele, na kwamba mama anayemwona bingwa kwa mara ya kwanza huitikia kila analoambiwa na asikumbuke hata moja. Kwa hiyo aliingia naye chumbani, akasikiliza, kisha akamweleza upya nje, polepole, mpaka mama mwenyewe aliweza kuyarudia.

Walezi humwita Forodha, kwa kuwa hakuna anayepanda gari kabla mkoba wake haujakaguliwa. Chakula chote hukaa miguuni pake, naye ndiye hukigawa. Jina hilo lina chanzo chake.

Katika mwaka wake wa nne wa safari, alimsindikiza msichana wa miaka mitatu aliyezaliwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari wa upasuaji alifika hospitali ya rufaa siku moja tu kila baada ya miezi minne, na alikwisha kuonya kwamba macho hayo yakicheleweshwa tena, huenda yasione kamwe. Mama alikuwa ameagizwa kwamba mtoto asile kitu kabla ya nusukaputi. Lakini mama alishikwa na uchungu wa uzazi siku iliyotangulia, na aliyesafiri ni bibi.

Walipofika, bibi aliulizwa na muuguzi wa pale kama mtoto amekula.

“Hajatia kitu mdomoni, mwanangu.”

Muuguzi wetu aliona chembe za biskuti kwenye kola ya gauni. Zamu ya mtoto ilikuwa imefika, na kunyamaza kulikuwa rahisi. Alisema ukweli, kwa sababu mwenye chakula tumboni anaweza kutapika akiwa katika usingizi wa dawa na kupaliwa. Jina la mtoto likakatwa kwenye orodha ya upasuaji.

“Biskuti mbili tu!” bibi alilia. “Biskuti nayo ni chakula? Umemfungia mjukuu wangu mlango, wewe!”

Muuguzi wetu alimwendea daktari mlangoni mwa chumba cha upasuaji, akakiri kwamba kosa ni lake, akaomba mtoto awekwe wa mwisho. Daktari alisema hawezi kuahidi. Saa tisa aliwapandisha wengine garini, akamkabidhi mama mmoja mzoefu orodha ya dawa, naye akabaki. Alimbeba mtoto aliyelia kwa njaa, akazunguka naye ukumbini, yeye mwenyewe hajala. Saa kumi na moja jioni mlango ulifunguliwa.

“Yule wa biskuti yuko wapi? Mleteni.”

Kesho yake, bendeji zilipotolewa, mtoto alimtazama bibi akajikunja kwa hofu, kama aliyemwona mgeni. Bibi akasema, “Ni mimi, mama. Bibi yako.” Mtoto akanyoosha mkono, akaugusa mdomo ule uliotoa sauti anayoijua, kisha akaanza kuupapasa uso wote, macho yakiwa wazi.

Tangu siku ile, hakuna mtoto wa safari zake aliyekatwa jina kwa sababu ya chakula. Ripoti aliyoiandika ingali masjala, nayo ina mstari mmoja tu kuhusu kosa: “Msindikizaji alimpa mama maagizo, hakumuuliza aliyesafiri.” Bibi hakulaumiwa hata kwa neno moja.

Dada, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyempeleka na kumrudisha. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya raha pamoja na wajukuu zako. Jumanne ijayo, lala hadi jua lipande. Unastahili.